Kizimba Juu ya Paa

"Basi ziteremshwe leo hii hii!" Mama alisema, akaubwaga mkasi juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Nimechoka kulisha pambo. Paa limevaa mkufu, na mimi sina hata hela ya uzi."

"Mama Chiriku, punguza sauti," Baba alijibu. "Tumezinunua kwa pesa nyingi. Huwezi kuuza sola mpya kwa bei ya nyanya."

"Bei ya nyanya ni afadhali kuliko bei ya hewa! Niambie, zinalipa nini? Mashine inazima kabla hata sijamaliza mikono ya mashati. Umeme wa mita nanunua kama zamani. Hizo sola zinaota jua tu, kama paka wa mwenye duka."

Chini ya meza, msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa akifagia vipande vya vitambaa na kuokota pini zilizodondoka. Hiyo ilikuwa kazi yake kila Jumamosi. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hakuwahi kunyamaza. Lakini asubuhi ile alikuwa kimya. Alifagia sehemu moja tu, akirudia na kurudia, huku akisikiliza.

"Na usiponielewa kwa hilo, nielewe kwa hili," Mama aliendelea. "Msimamizi wa kile kiwanda cha nguo ameniandikia tena. Wananipa kazi na kitanda. Nitakwenda. Nitakuwa narudi mwisho wa mwezi."

"Na mtoto?"

"Mtoto utabaki naye. Ana akili, atajipikia."

Pini ilimchoma Chiriku kidoleni. Hakulia. Aliutazama ule mguu wa Mama uliokuwa karibu na uso wake, kiatu cha plastiki kilichochakaa kisigino. Mama akienda, nyumba hii itabaki na nani wa kugombana naye?

Mama alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, kwa mashine ya umeme iliyonguruma tangu asubuhi. Mwaka uliotangulia alikuwa ameweka akiba ya kununua mashine ya pili, lakini mita ya umeme ilikuwa inamla. Kila aliposhona nguo tano, ya sita ilikuwa ya mita. Ndipo akaamua: akiba yote akanunulia paneli mbili za sola, betri na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uweze kuendesha mashine. Fundi wa sola alimwonya asichomeke pasi ya umeme, maana ingemaliza betri haraka. Mama akasema hilo halina shida, pasi ya mkaa anayo.

Na mwanzoni zililipa. Mita ililala. Pesa ambayo angenunulia umeme, Mama aliitumbukiza kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. "Kopo hili litanirudishia akiba yangu kwa miaka minne hivi," alikuwa akisema huku akilitikisa. "Baada ya hapo, jua litakuwa linanifanyia kazi kwa chakula chake lenyewe." Siku hizo alikuwa akiimba akishona.

Kisha mambo yakageuka. Ikifika alasiri, inveta ikaanza kulia pii, pii, pii, na mashine ikazima katikati ya mshono. Kopo likaanza kupunguzwa badala ya kuongezwa, mpaka likabaki linatoa sauti ya kopo tupu. Mama akaacha kuimba.

Watu wazima walisema sola zimechoka. Wengine walisema ni hafifu. Chiriku hakusema lolote, kwa sababu kila mtu alipotazama paa aliona kizimba cha chuma, na Chiriku peke yake ndiye aliyejua kizimba kile kilitoka wapi.

Kilitoka mdomoni mwake.

Siku moja Chiriku alikuwa akicheza na wenzake, na mpira wao wa matambara ulirushwa vibaya ukatua juu ya paa. Kupanda paa kulikuwa mwiko tangu sola zilipowekwa. Mama alishasema, "Nikikukuta juu, nitakuvunja miguu kabla hujajivunja mwenyewe." Chiriku alipanda. Alikuwa ameshaushika mpira aliposikia bati likilia chini ya mguu wake, na paneli moja ikatikisika kwenye mabano yake.

"Nani huko juu?" Mama alipiga kelele kutoka ndani.

Chiriku aliteleza kupitia ukuta wa nyuma, akachunika goti, akazunguka nyumba na kutokea mbele kama aliyekuwa anatoka dukani. Mama alikuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Umeona mtu?"

"Mtu... amekimbilia nyuma kule."

Ulikuwa uongo mdogo, wa kutumika jioni moja tu. Lakini ng'ambo ya ukuta aliishi jirani aliyeitwa Mama Redio, na hakupewa jina hilo bure. Kufikia wakati wa chakula cha jioni mwizi alikuwa amekuwa wezi wawili. Kesho yake walikuwa watatu, na mtaimbo wanao. "Hata mimi nilikiona kivuli chao," Mama Redio aliapa, ingawa wakati huo alikuwa sokoni. Tena akauliza, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kumsema mtu, "Kwani ni nani anayepita nyuma kule kila siku?"

Aliyepita nyuma kule kila siku alikuwa muuza maji, mtu mzima mwenye mkokoteni na madumu yake. Hakuna aliyemshtaki. Watu waliacha tu kumwita. Hata Mama alianza kuchota bombani mwenyewe. Baada ya muda muuza maji akaacha kupita ile njia, akawa anazunguka barabara kubwa yenye kilima.

Baba naye alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na kwa mchomeleaji dawa ya kila ugonjwa ni nondo. Alifunga karakana siku nzima, akatengeneza kizimba kizito cha nondo zilizobanana, juu yake akatia mfuniko wa nondo na wavu wa chuma, akaufunga kwa kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni. Watu walikuja kukitazama. "Mwizi akifika hapa atakaa chini alie," Baba alisema, akacheka.

Lakini baada ya siku hiyo hakucheka sana. Bati likilia jua linapozama, kama mabati yote yanavyolia yakipoa, Baba alitoka na kipande cha bomba mkononi. Mama akawa anafunga madirisha mapema, nyumba ikawa na joto kama tanuri. Na Chiriku, aliyejua kwamba hakuna mwizi, alikuwa mwoga kuliko wote. Alianza kumsikia. Alizisikia nyayo zake juu ya kitanda chake. Uongo una tabia hiyo: ukiulea sana, unakua mkubwa ukaja kukutisha mwenyewe.

Mara nyingi alitaka kusema. Kila mara aliona uso wa Baba, na mikono yake ile iliyokunja nondo, akameza maneno.

Sasa, Jumamosi ile ya ugomvi, gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama mlangoni. Aliyeshuka alikuwa mnunuzi wa vitu vilivyotumika, mtu mnene mwenye kofia, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Nusubei kwa sababu hakuwahi kutaja bei nzima.

"Hodi hapa! Shemeji, hujambo? Nimesikia mna vitu vya kutupa."

"Hatutupi, tunauza," Mama alisema.

Bwana Nusubei alikodolea macho paa. "Hizo ndizo? Masikini. Zimezeeka."

"Zina mwaka."

"Mwaka wa sola, shemeji, ni kama mwaka wa kuku."

"Kuku wako wanakufa upesi," Mama alimjibu. "Labda unawapa nusu chakula."

Baba hakucheka. Aliegemeza ngazi ukutani. "Anataka kuziona," alisema kwa sauti ya mtu anayekwenda kuzika. Akaanza kupanda, ufunguo ukining'inia shingoni.

"Chiriku!" Mama aliita. "Mletee baba yako bisibisi. Iko pale kwenye betri."

"Abee, Mama."

Betri ilikaa kwenye kona ya chumba cha kushonea. Juu yake ukutani kulikuwa na kisanduku kidogo chenye taa tatu za kijani. Fundi wa sola aliwaeleza siku ya kwanza: taa hizo zinaonyesha umeme unaoingia kutoka juu. Tatu ni nguvu nyingi, moja ni kidogo. Kwa miezi mingi sasa ilikuwa inawaka moja tu, na hakuna aliyeitazama tena.

Chiriku aliinama, akaipata bisibisi. Juu ya kichwa chake alisikia kufuli likifunguka, kisha mfuniko wa kizimba ukiinuliwa, kwiii.

Taa ya pili ikawaka. Halafu ya tatu.

Alibaki ameinama, bisibisi mkononi. Alidhani macho yanamchezea.

"Ngoja nigeuze mguu," Baba alisema kule juu, na mfuniko ukaanguka kwa kishindo. Kwaa! Taa mbili zikazima. Ikabaki moja. Mfuniko ukainuliwa tena. Zikawaka zote tatu.

Chiriku aliinuka. Sola hazikuwa zimechoka. Hazikuwa hafifu. Zilikuwa zimefungiwa gerezani, nondo na wavu zikizitia kivuli kutwa nzima. Na gerezani zilitiwa kwa kosa la mtu mwingine.

Nje, Bwana Nusubei alikuwa akifungua kamba za gari.

"Baba!" Chiriku alitoka mbio. "Usizitoe! Ni nzima! Kizimba ndicho kinachozuia jua! Ukikifungua taa zote zinawaka, nimeziona!"

Baba alimtazama kutoka juu. "Unasema?"

"Taa zinawaka zote, Baba! Toa tu kizimba!"

"Nikitoa kizimba wataziiba." Baba alifuta jasho. "Yule mwizi alishaijua nyumba. Mimi siwezi kukaa roho juu usiku na mchana. Bora niuze kuliko kuibiwa."

Mama alisita. Alimtazama Chiriku, akatazama paa, akatazama njia ya nyuma. "Ni kweli," alisema polepole. "Atarudi."

"Tena siku hizi wanakuja na mtaimbo," Bwana Nusubei alidakia haraka. "Naona watu wanalia kila siku. Lete hiyo ya kwanza, shemeji, naipokea."

Chiriku alikuwa amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo haikumsaidia kitu. Baba alikuwa ameshika ukingo wa paneli. Chiriku alishika ngazi.

"Hakuna mwizi," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Hakuna aliyesikia.

"Hakuna mwizi!" alipiga kelele. "Ni mimi niliyekuwa juu ya paa! Nilifuata mpira! Niliogopa Mama atanipiga, nikasema kuna mtu amekimbia. Hakuna mtu aliyekimbia. Ni mimi. Ni mimi peke yangu."

Ng'ambo ya ukuta, ufagio wa Mama Redio uliacha kufagia.

"Watoto wa siku hizi wana hadithi!" Bwana Nusubei alicheka. "Tuendelee, shemeji."

Mama hakucheka. Alimpita Chiriku bila kumgusa, akaingia ndani. Wakasikia sauti yake kutoka kwenye kona ya betri.

"Funga!"

Baba aliushusha mfuniko.

"Fungua!"

Akauinua.

"Funga tena! Fungua!"

"Mwanamke, mkono utakatika!"

Mama alitoka akiwa na uso usiosomeka. Alikwenda moja kwa moja kwa mnunuzi. "Bwana Nusubei, safari njema."

"Aa, shemeji! Naongeza kidogo."

"Asante."

"Naongeza tena! Nakupa hata bei ya..."

"Kadiri unavyoongeza ndivyo ninavyojua kwamba ni nzima. Funga kamba zako, baba, jua lisije likakukuta njiani."

Gari liliondoka. Baba aliteremka ngazi kipago kimoja, akapumzika, kipago kingine. Chiriku alihesabu kila mguu uliogusa chuma, akasubiri kupigwa. Alikuwa amefumba macho aliposikia Baba akiketi chini, kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nondo zote zile," Baba alisema. "Na kutoka nje na bomba kila bati likilia. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Unajua? Mtu mzima kama mimi. Nilikuwa namwogopa mtu ambaye hayupo."

Hilo lilimuumiza Chiriku kuliko kofi. Akaanza kulia.

"Lia, lakini usikilize," Mama alisema. Alivuta kiti akakaa mbele yake, goti kwa goti. "Ungeniambia siku ile, ningekuchapa. Sitakudanganya. Ungelia, ungelala, asubuhi ingekuwa imekwisha. Badala yake umelipa kwa miezi ya woga, na sisi tumelipa pamoja nawe. Unaona kopo lile? Halikuibwa na mwizi wala mita. Limeliwa na neno lako moja."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Lakini si lako peke yako," Mama aliendelea, sasa akimtazama Baba pia. "Baba yako alifunika asichokielewa. Na mimi nililalamika kutwa nisiinue hata shingo kutazama taa tatu. Tumekaa tunauliza kama sola zinalipa. Kitu hakilipi kwa sababu umekinunua. Kinalipa ukikiacha kifanye kazi, ukakitunza, na ukakihesabu kwa ukweli. Kwa ukweli! Si kwamba umeme huu ni wa bure. Ile betri itakufa siku moja na nitanunua nyingine, hiyo nimeitia kwenye hesabu. Na miezi hii tuliyoipoteza nayo naitia. Kopo litachelewa. Lakini litajaa, na paneli zitakuwa bado juu."

"Na kiwanda?" Chiriku aliuliza, akiogopa jibu.

"Kiwanda kina watu wa kutosha." Mama alisimama, akafuta mikono kwenye kanga. "Baba Chiriku, msumeno wa chuma uko wapi?"

"Leo? Mwenzangu, hata maji sijanywa."

"Jua linakusubiri kwani?"

Baba alikunywa maji akiwa amesimama, akapanda na msumeno. Chiriku alishika ngazi. Vumbi la chuma lilimdondokea kwenye nywele, hakuthubutu kujipangusa. Bawaba zilikatika, Baba akakifunga kizimba kamba, wakakishusha polepole mpaka kikatua uani kama mnyama aliyechoka.

"Wezi wa kweli nao wapo," Baba alisema akitazama juu. "Nitazibana pembeni kwa mabano na boliti, uso wake uwe wazi. Na hiki kitu nitakikata nitengeneze madirisha ya kuuza. Angalau nondo zirudi kwenye kopo."

Ndani, mashine ya Mama ilianza kunguruma. Chiriku alidhani mambo yamekwisha. Mashine ikanyamaza.

"Chiriku! Uko hapo bado?"

"Abee."

"Nenda ukawaambie ukweli. Muuza maji kwanza. Mama Redio baadaye. Ukianza na Mama Redio, muuza maji atazisikia habari kabla hujafika kwake."

Woga uliokuwa umeondoka ukarudi wote. "Peke yangu, Mama?"

"Paa ulipanda na nani?"

Chiriku alikwenda. Alimkuta muuza maji chini ya kile kilima cha barabara kubwa, amesimama kupumzika, mikono juu ya mkokoteni. Alimwamkia, akayasema yote kwa pumzi moja asije akageuka na kukimbia. Alipomaliza, mzee alikitazama kilima.

"Mimi nilidhani watu wamechoka na maji yangu," alisema.

"Hapana, Mzee. Ni mimi. Nisamehe."

Muuza maji alishika mpini wa mkokoteni. Lakini hakuuelekeza kilimani. Aliugeuza. "Sukuma nyuma," alisema. "Twende tupite kule kule."

Chiriku alisukuma kwa mikono yote miwili. Madumu yalicheza, magurudumu yakalia kwenye ile njia ya nyuma ambayo nyasi zilikuwa zimeanza kuifunika. Walipofika nyuma ya nyumba, mzee alipaza sauti, "Maji! Maji!" Dirisha lililokuwa likifungwa mapema siku zote lilifunguka, Mama akatoa kichwa.

"Tuletee madumu mawili, kaka! Na kwangu utapita kila siku."

Upande wa pili wa ukuta, kichwa cha Mama Redio kilichomoza, macho yakimtoka. "Heee! Makubwa haya! Nilisikia nusu tu. Chiriku mwanangu, kumetokea nini hasa?"

Chiriku aliacha kusukuma. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi maneno hayakumkwama.

"Shikamoo, Mama. Leta kiti," alisema. "Nitakueleza yote, tangu mpira ulipopanda juu ya paa."